Senti Isiyo na Jicho

Siku ya kuagwa nilikabidhi funguo za droo, mizani ndogo, kitambaa cheusi cha kuwekea sarafu, na kiti ambacho mguu wake mmoja nilikuwa nimeusawazisha kwa kadi ya mchango wa harusi. Lenzi sikukabidhi. Ile ni yangu, nilipewa na Mzee Athumani, na hata mkiitafuta kwenye orodha ya mali za tawi hamtaiona.

Nawaandikia ninyi mliobaki kaunta kwa sababu mmoja wenu alinipigia juzi kuniuliza kuhusu sarafu ya mia mbili ambayo mteja aliileta ikiwa haina simba. Nilikuwa jikoni, nikamjibu kwa mkato: tazama ukingo wake. Nilipokata simu nikaona jibu lile lilikuwa la kivivu. Nina sababu yangu ya kuogopa majibu ya mkato, na nitaieleza mbele ya safari, kwa kuwa inanihusu mimi na si mwingine.

Nimekulia kwenye mashamba ya miwa. Baba alitoka Kondoa kuja kukata miwa akabaki huko huko mpaka anazikwa. Nilipopata kazi benki hapa mjini Morogoro nilijua kabisa kwamba nitakaa mbele, nivae vizuri, nihesabu noti mpya. Nikapelekwa chumba cha sarafu. Wale mnaokijua mnajua: kipo nyuma, kinapakana na jenereta, na dirisha lake linatazama tangi la maji. Sarafu zina harufu ya mikono yote iliyozishika, ya samaki, ya grisi, ya vitunguu. Wenzangu wa noti walitoka kazini wakinukia manukato yao, mimi nilitoka nikinuka soko zima.

Humo ndani nilimkuta Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mpole wa sauti, aliyewahi kufanya kazi kwa sonara kabla ya kuajiriwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akatandaza kitambaa cheusi, akapanga sarafu saba juu yake.

"Haya, Zuhura. Hawa wote ni walemavu," akasema. "Nionyeshe nani alizaliwa hivi na nani kapata ajali."

Nikachagua mbaya kuliko zote. Ilikuwa imetandazika kama chapati, mwenge wake umevutika upande mmoja, maandishi hayasomeki. Nilisema hakika hii imeharibikia kiwandani, maana mkono wa mtu hauwezi kufanya vile.

"Mkono hauwezi," akasema. "Lakini treni inaweza. Hii ilitoka kule stesheni. Watoto wanaziweka relini halafu wanakimbia."

Aliyezaliwa vile alikuwa mwingine kabisa, sarafu niliyoiruka kwa sababu ilikuwa nzuri, ila ukingo wake ulikuwa umekatika kidogo kama biskuti iliyong'atwa. Mzee alinionyesha upande wa pili, ulioelekeana na ule mkato: nao ukingo ulikuwa umelegea na kufifia. Kisahani, yaani kile kipande cha chuma ambacho bado hakijawa sarafu, kikiwa tayari kimekatika kabla ya kupigwa muhuri, upande wa pili hukosa kubanwa sawasawa, ukingo hauinuki. Mtu akikata sarafu kwa mkasi wa bati mtaani, upande wa pili unabaki imara kama kawaida. Hiyo ndiyo maana ya lile jibu langu la mkato, tazama ukingo. Sasa mmelielewa.

Kazi yenyewe, ukiondoa vumbi, ina kanuni moja. Sarafu huanza kama kisahani kitupu, kisha hupigwa muhuri pande mbili kwa pigo moja. Basi ukikuta kidonda, jiulize kipo juu ya picha au chini yake. Kidonda kilicho chini, picha ikapita juu yake na kuyafuata mabonde yake, kimetoka kiwandani. Kidonda kilichoikata picha, kikaisukuma na kuipangusa, ni cha mtaani. Mzee Athumani alinifundisha hivyo kwa mwezi mzima, kila asubuhi sarafu saba, na mwezi ule wote nilikosea walau mbili.

Vya mtaani ni vingi kuliko mnavyodhani. Kuna moto: nyumba ya mtu imeungua, sarafu zimevimba malengelenge, ngozi ya nje imejitenga na chuma cha ndani. Kuna maji ya betri: sarafu inabaki nyembamba, picha zote zipo ila zimekonda, na mteja anaapa kuwa imezaliwa nyepesi. Kuna jiliwa la fundi: sarafu mbili zimebanwa pamoja mpaka moja imemchapa mwenzake, ukaona maandishi yaliyogeuka kama kwenye kioo. Hiyo inawadanganya wengi, maana kiwandani nako jambo kama hilo hutokea. Lakini ya jiliwa utaikuta bado ina mabaki ya sura yake ya zamani chini ya ile iliyochapwa, na mgongo wake umelala. Zile za kweli, za kiwandani, kwa miaka yangu yote hazikumaliza vidole vya mkono mmoja.

Halafu kuna sauti. Hapa ndipo Mzee Athumani alipokuwa mkali, na hakuwa mtu wa ukali. Unaiweka sarafu kwenye ncha ya kidole, unaigonga kidogo kwa nyingine. Chuma kizima huimba. Kilichozibwa, kilichopasuka au kuunganishwa, hukohoa. Yeye aliweza kugeukia ukuta nikagonga nyuma yake akanitajia kila moja.

"Gonga kwanza, tazama baadaye, sema mwisho," alikuwa akiniambia. "Jicho linapenda kukubaliana na mdomo. Sikio halina rafiki."

Alipostaafu aliniachia lenzi na kikopo cha sarafu zake za kufundishia. Alirudi Pangani, tukapigiana simu kila Idi mpaka ikafika Idi ambayo simu ilipokewa na mwanawe. Nilibaki peke yangu na jenereta. Nikaanzisha daftari langu: kila sarafu ya ajabu niliiwekea karatasi juu nikasugua penseli mpaka sura yake ikatokea, kama tulivyofanya sote shuleni, kisha nikaandika pembeni ni kosa la nini. Watu wa mjini wakaanza kuniita Mama Sarafu. Nilipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha.

Kisha zikaja simu za kuperuzi, na uvumi ukaja nazo. Kila baada ya miezi michache ujumbe unazunguka: sarafu fulani ya zamani inatafutwa, iliyokosewa inalipwa mamilioni. Mjini hapa kila mtu akawa na bahati mfukoni. Kijana mmoja wa Msamvu, anayekatisha tiketi za mabasi ya bara, alikuja na shati lililopigwa pasi akanionyesha shilingi hamsini ambayo kifaru wake hakuwa na pembe. Alikuwa ameinunua kwa mtu, kwa bei ya simu yake. Nikaweka lenzi. Mikwaruzo yote ilielekea upande mmoja, laini, sambamba.

"Aliyekuuzia ana tupa," nikamwambia. "Kamkata huyu mnyama pembe."

"Kwa hiyo haina thamani, mama?"

"Kabla ya tupa ilikuwa shilingi hamsini. Sasa hivi hata hiyo sina hakika nayo."

Alicheka, masikini, ingawa macho hayakucheka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sarafu inayotembezwa stendi huwa na sababu zake. Siku hizo nilikuwa nikitoa majibu kama hayo mara kadhaa kwa wiki, na kila mara nilikuwa sahihi. Nawaambia hilo ili muelewe nilikuwa na kichwa cha namna gani siku alipokuja Bibi Skola.

Ilikuwa miaka sita kabla sijastaafu. Mwisho wa mwezi, foleni mpaka nje, umeme umekatika, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta wangu. Walinzi wakaniletea watu watatu waliotoka milimani, juu ya Mkuyuni. Mwanamume wa makamo aliyeitwa Kobelo, binti aliyeitwa Regina, na bibi mfupi aliyevaa rozari juu ya khanga, Skolastika kwa jina la ubatizo, Bibi Skola kwa watu wote. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na Kobelo ndiye aliyekuwa mjomba wa ukoo, yaani msemaji wake. Bibi Skola alikuwa mama yake mkubwa, na Regina alikuwa mtoto wa dada yake Kobelo.

Kobelo alifungua leso akatoa sarafu ya senti kumi ya zamani, ya Afrika Mashariki, zile kubwa za rangi ya shaba zenye tundu katikati. Hii haikuwa na tundu. Katikati palikuwa pazima, na pembeni, karibu na ukingo, mtu alikuwa ametoboa kijitundu cha kupitishia uzi.

Alinieleza kwa kifupi, akipaza sauti ili aishinde jenereta. Ukoo wao una mkufu wa senti kama hizo, ambao mwali huvaa kiunoni siku anapotolewa nje. Kichwa cha mkufu ni hii, senti isiyo na jicho. Bibi aliyeuanzisha ukoo pale kijijini aliipata ikiwa mpya, akaitia kwenye mkufu kwa kuwa hakuwahi kuona nyingine. Bibi Skola ndiye aliyeutunza mkufu tangu mama yake alipofariki. Sasa mtu amepiga simu kutoka Dar es Salaam, anasema kama senti hiyo ni kosa la kiwandani ataichukua kwa fedha ya kuezeka nyumba ya ukoo, na kama imezibwa hana haja nayo. Wakaambiwa Mama Sarafu ndiye anayejua.

Nikaweka lenzi. Kuzunguka katikati niliona duara, safi kabisa, limejaa uchafu wa miaka. Nikasema moyoni: mshono. Nikaona na lile tundu la pembeni, nikaunganisha mambo. Fundi aliziba tundu la katikati, akatoboa jipya pembeni ili ining'inie vizuri kama kidani. Nilikwishaona vidani vya namna hiyo kwa masonara. Nikasugua penseli kwenye daftari langu, mkono ukienda wenyewe kwa mazoea.

"Igonge, mwanangu," akasema Bibi Skola.

"Hakuna haja, bibi. Inaonekana."

"Igonge tu."

Na hiyo jenereta ningesikia nini? Ningeweza kuwaambia wakae kwenye benchi nusu saa. Ningeweza kwenda nao nje, kwenye tangi la maji. Foleni ilikuwa inanitazama, na mimi sikuwa nimekosea muda mrefu.

"Imezibwa," nikasema, kwa sauti, kwa sababu ya jenereta. "Ilikuwa na tundu kama wenzake. Mtu kaliziba."

Nilidhani nimewakosesha fedha, basi. Nilishazoea nyuso za watu waliokosa fedha. Lakini Kobelo hakunitazama mimi. Alimgeukia bibi.

"Mama mkubwa," akasema polepole. "Ile ya ukoo ilitoka kiwandani haina jicho. Kama hii imezibwa, basi si yenyewe. Yenyewe iko wapi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mama wa benki kasema siyo."

"Mama wa benki hajaigonga," akasema Bibi Skola.

Nikairudisha sarafu kwenye leso, nikaita mteja aliyefuata. Ndivyo nilivyofanya. Kwenye daftari, pembeni ya ile sura ya penseli, niliandika neno moja, *imezibwa*, nikalipigia mstari.

Habari zilizobaki nilizipata kidogo kidogo kwa Regina, aliyekuwa akija tawini kuweka fedha za kikundi cha akina mama. Kikao cha ukoo kilikaa. Hakuna aliyemwita bibi mwizi, watu wa kule wana adabu. Walimwambia amezeeka, apumzike, mkufu ukapelekwa kwa Regina. Lakini kilichoumiza hakikuwa mkufu. Bibi Skola alikuwa ndiye kabati la kijiji. Mwanamke anayekwenda shamba, anayeshuka sokoni Mkuyuni, anayekwenda kujifungua, alimwachia yeye funguo, hereni, vyeti vya watoto, akavifunga kwenye pembe ya khanga yake. Baada ya siku ile hakuna aliyemwachia hata sindano. Akiingia kwenye nyumba yenye shughuli, Regina alisema, unaona wanawake wanakaza mafundo ya khanga zao, hata hawajui kama wanafanya hivyo. Mwisho bibi akaacha kwenda shughulini. Akaacha hata kushuka sokoni.

Nilisikitika. Nataka niseme ukweli wa jinsi nilivyosikitika: nilimsikitikia kama mtu anavyomsikitikia mwizi aliyezeeka. Neno langu halikunitia shaka hata siku moja.

Wiki ya pili ya kustaafu nilikaa sebuleni na madaftari yangu niwachagulie mifano ya kuwaachia. Nilitaka ukurasa wenye senti kumi ya kawaida upande huu na iliyozibwa upande wa pili, mjifunze kulinganisha. Ile ya Bibi Skola nilikuwa nayo kwa penseli. Kwenye kikopo cha Mzee Athumani kulikuwa na senti ya kawaida na nyingine iliyozibwa kweli, ya kufundishia, nikazisugua zote mbili kwenye karatasi mpya nikaziweka pamoja.

Senti kumi ya zamani tundu lake lina mdomo, ukingo mdogo ulioinuka kulizunguka, sehemu ya picha yenyewe. Kwa hiyo iliyozibwa hutoa maduara mawili: mdomo, na ndani yake mshono wa kile kilichozibia. Ya Mzee Athumani ilitoa mawili. Ya Bibi Skola ilikuwa na moja. Nikapima kwa rula. Duara lile moja lilikuwa na upana wa mdomo, si wa tundu. Sikuwa nimeona mshono. Nilikuwa nimeona mdomo wa tundu ambalo halikuwahi kutobolewa, nikauita mshono. Tundu la pembeni nalo lilitobolewa na mtu kwa sababu tu senti isiyo na jicho haina pa kupitisha uzi, na walitaka kuivaa na wenzake.

Chai ilipoa mezani, sikuinywa. Karani wa siku ya kwanza kabisa angehesabu maduara. Nilijaribu kujitetea kwa jenereta, kwa foleni, kwa mwisho wa mwezi, na kila utetezi uliishia kwa bibi aliyenisihi mara mbili niigonge. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu alikuwa ameshafikisha umri wa kuanza shule.

Nikampigia Regina, nikamwomba awakusanye watu asiwaambie ni kwa nini, maana penseli ni karatasi tu na nilikwishasema mengi mno kwa kutazama. Jumamosi nikapanda gari hadi Mkuyuni, nikachukua bodaboda mpaka pikipiki ilipogoma kupanda, nikamalizia kwa miguu, kikopo kwenye mkoba. Nilikuta wanawake wametandika mikeka uani wakichambua karafuu. Kobelo alikuwepo, nywele zimepata mvi. Bibi Skola alikaa kizingitini kwake, mbali kidogo na wenzake, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa benki."

"Ndiye mimi."

"Umezeeka."

"Nimestaafu, bibi."

"Ni yale yale," akasema, akaendelea na maharage yake.

Nilikataa kiti. Nikawaambia wote, nikiwa nimesimama, kwamba naamini nilikosea, lakini sitaki waniamini tena kwa mdomo. Nikaomba mkufu. Regina akautoa ndani, umefungwa kwenye foronya. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Siku ya kumtoa mwali, mtunzaji wa mkufu alikuwa akiigonga ile senti mara moja mlangoni, watu wanyamaze, ndipo binti anavuka kizingiti. Tangu neno langu lifike kijijini hawajaigonga. Nani agonge kitu cha kuzibwa mbele ya wageni?

Nikafungua kikopo. Nikaiweka ile ya Mzee Athumani, iliyozibwa, kwenye ncha ya kidole, nikaigonga. Ikakohoa, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Nikawaachia waisikie mara ya pili. Kisha nikaishika senti isiyo na jicho, nikaiweka kidoleni, nikainua ya kugongea, na hapo mkono ukasita. Haikuwa haki yangu. Nikaenda kizingitini nikampa bibi zote mbili, senti na ile ya kugongea.

Akafuta mikono kwenye khanga. Akaiweka kwenye kidole chake kilichopinda, akaigonga.

Iliimba. Sauti nyembamba, ndefu, ilikaa pale uani kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na wanawake wa karafuu wakaacha kuchambua. Kobelo akaja akaichukua, akaigonga mwenyewe, akaigonga tena, kisha akaigonga ile yangu iliyokohoa, kisha akarudia ya ukoo. Nikampa lenzi, nikamwonyesha maduara mawili kwenye hii na duara moja kwenye ile. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia lenzi.

"Mama mkubwa," akasema, akapiga goti pale kwenye udongo.

"Inuka, utachafua suruali," akasema Bibi Skola. "Wewe ulimwamini mtu wa benki. Hata mimi ilibaki kidogo nimwamini. Kuna siku nilikaa hapa nikajiuliza, labda niliiuza, nikasahau."

Sikuwa nimekwenda kule kulia. Nililia lakini, mbele ya watu nisiowajua, nikiwa na lenzi mkononi. Kumnyang'anya mtu jina lake mbele ya ndugu zake ni jambo moja. Kumfanya ajitilie shaka mwenyewe, peke yake kizingitini, kwa miaka sita, sikuwa nimeliwaza kabisa. Nikamwomba msamaha.

"Nilikuambia igonge," akasema.

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili, bibi."

"Basi unakumbuka." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mtu anayekumbuka namsamehe. Regina, mpe maji ya kunawa, ale."

Tulikula ugali, maharage na mboga ya maboga. Kobelo alijaribu kumpigia yule mnunuzi wa Dar es Salaam, namba haipatikani, na nilimwambia asijisumbue kuitafuta, wanunuzi wa namna ile hubadili laini kuliko mashati. Bibi alisema hata angepatikana, senti haitoki. Regina akamletea mkufu, akamwekea mapajani. Bibi akaushika kidogo, akaurudisha kwenye foronya.

"Kaa nao. Miguu yangu haiwezi tena shughuli za kutoa mwali," akasema. "Ila mwali wa mwezi ujao, niiteni nije niigonge."

Nilitoa daftari, nikaufungua ukurasa ule mbele yake. Nikakata neno *imezibwa*, nikaandika: katikati, kosa la kiwandani; pembeni, jeraha la mtaani; maelezo ya kwanza, kosa la karani. Ukurasa huo nimewaachia pamoja na mingine, upo wa kwanza kabisa, na nawaomba msiuchane kwa kunionea aibu. Mteja akikuambia igonge, igonge. Jenereta ikinguruma, mpeleke nje kwenye tangi la maji, foleni isubiri.

Nilipokuwa navaa viatu nishuke, wanawake walikuwa wamekwishafunga karafuu kwenye viroba wazipeleke kwa mnunuzi kule chini barabarani. Walipita mmoja mmoja mbele ya kizingiti wakimuaga bibi, viroba kichwani. Wa mwisho alikuwa mwanamke mnene ambaye mchana kutwa hakuwa amesema neno. Alisimama, akashikilia kiroba kwa mkono mmoja, kwa mwingine akafungua fundo la khanga yake, akatoa funguo mbili kwenye kamba.

"Bibi, nishikie," akasema. "Nitapitia jioni."

Bibi Skola akazipokea. Akazifunga kwenye pembe ya khanga yake, akalikaza fundo kwa meno, akarudi kwenye maharage.